Kapu la maharagwe, na vitu vingine vilivyobaki nyumbani kwangu

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijitengenezea vitu vidogo vya matumizi katika nyumba yangu ya kupanga huku Umoja, Nairobi, nyumba ya chumba kimoja cha kulala isiyo na nafasi ya karakana wala ya meza ya ziada. Kazi yote hufanyika juu ya meza ileile ya kulia chakula, baada ya vyombo kuoshwa, kwa mkasi mmoja, uzi wa nailoni na sindano ndefu ya kushonea magunia. Vilivyonishinda ni vingi kuliko vilivyofaulu, na kipimo ninachokitumia kuvitenga ni chepesi: miezi mitatu ikishapita, je, mkono bado unakifuata kitu hicho bila mimi kufikiri, au kimekwisha kusukumwa chini ya kitanda? Uzuri wake siuhesabu.

Kwa kipimo hicho, cha kwanza ni kapu la kupikia, na nitakaa hapo kwa muda mrefu kidogo kwa sababu ndilo lililonirudishia gharama yake mara nyingi.

Mama yangu anaishi Likoni, kando ya bahari kule Mombasa, na kila anapokuja kunitembelea hulalamikia maharagwe ya Nairobi. Aliwahi kusimama mbele ya jiko langu la gesi, akafunua sufuria iliyokuwa ikitokota kwa saa nzima, akabonyeza punje moja kwa vidole na kuniambia, «Mwanangu, maji yenu huku yanachemka lakini hayana moto.» Nilicheka, lakini alikuwa amesema kweli tupu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua na maji yanavyochemka mapema. Likoni yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hata ukiongeza moto namna gani hayapandi zaidi ya hapo katika sufuria ya kawaida, bali yanageuka mvuke tu na kukumalizia gesi. Maharagwe yanataka muda, na muda huo ndio tunaoulipia kila tunapobadilisha mtungi.

Kapu la kupikia halina uchawi wowote. Ni kapu lenye kuta nene za kitu kisichopitisha joto, ambamo sufuria iliyokwisha kuchemka huwekwa na kufunikwa, ili chakula kiendelee kuiva kwa joto lake chenyewe badala ya joto hilo kupotelea jikoni. Watu wa zamani wa nchi za baridi walifanya hivyohivyo kwa masanduku yaliyojazwa nyasi kavu. Mimi nilitumia kapu la ukindu lenye kifuniko, shuka kuukuu na vipande vya sponji ambavyo fundi wa makochi wa mtaa wa pili alikuwa akivitupa. Nilipomwuliza bei, alinitazama kana kwamba namtania. «Hizo ni takataka, dada. Chukua gunia zima, lakini unirudishie gunia.»

Jambo la kwanza ni kupima nafasi. Kati ya ubavu wa sufuria na ukuta wa kapu panahitajika upana wa kiganja kizima pande zote, yaani sentimita 8 hadi 10, na chini vilevile. Nilishona mifuko miwili ya shuka, mmoja mkubwa wa kugusana na kapu na mwingine mdogo wa kupokea sufuria, nikauingiza mdogo ndani ya mkubwa, nikajaza sponji katikati yake na kushona midomo yake pamoja. Sponji lazima ikatwe vipande vidogo na kushindiliwa mpaka kwenye pembe, kwa maana mahali palipobaki pengo ndipo joto linapotorokea. Juu nilishona mto mzito wa duara unaoziba mdomo wa kapu kabla ya kifuniko. Mto huo ndio watu wengi wanaoufanyia uvivu, ilhali joto hupanda juu, na kapu lenye kuta nzuri na mto mwepesi ni sawa na nyumba iliyofungwa milango huku paa limeachwa wazi.

Matumizi yake yana masharti, na mimi niliyajua kwa kuharibu. Mara ya kwanza nilipika vikombe viwili vya maharagwe katika sufuria kubwa, nikachemsha dakika kumi, nikayaingiza kapuni usiku na kwenda kulala. Asubuhi nilifunua na kukutana na harufu ya uchachu: maharagwe yalikuwa nusu mabichi, maji yakiwa vuguvugu, na juu yake pana povu. Nilikuwa nimekosea mara mbili. Sufuria iliyojaa nusu haina joto la kutosha la kujihifadhi, kwa hiyo siku hizi hutumia sufuria inayojaa angalau theluthi mbili. Tena chakula hakifai kuachwa humo mpaka kipoe, kwa sababu kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kustarehe.

Sasa huloweka maharagwe tangu usiku, humwaga maji yale, huweka maji mapya na kuyachemsha kwa nguvu, yakitokota kwelikweli, kwa dakika 20. Hapo sipunguzi hata kidogo, hasa kwa maharagwe mekundu, ambayo yana sumu ya asili inayovunjika kwa mchemko mkali tu. Ushauri wa kawaida ni dakika 10 kwa uchache, nami huzidisha kwa sababu ya nyuzi zetu hizi 94. Kisha sufuria, ikiwa na kifuniko chake, huhamia kapuni bila kufunuliwa na bila kusubiri. Baada ya saa nne au tano huwa laini kabisa, nami huyarudisha motoni yachemke tena ninapokaanga kitunguu na nyanya. Wali ni mwepesi zaidi: ukichemka dakika tano tu, unaingia kapuni na kuiva peke yake kwa muda wa dakika 40, na haujawahi kuniungulia. Githeri, yaani mahindi yaliyochanganywa na maharagwe, ikiwa ya mahindi makavu ndiyo kaidi. Hutaka kuchemshwa, kuingizwa kapuni, kutolewa, kuchemshwa tena na kurudishwa, na siku nyingine nikikumbuka usumbufu huo hununua tu mahindi yaliyokwisha kuchemshwa kwa mama wa pale stejini.

Sponji ile ilibaki nusu gunia, na ndiyo iliyonifanya nianze kuangalia mabaki mengine kwa jicho tofauti. Mafundi wa cherehani wa mtaani hujaza mifuko ya vipande vya kitenge kila wiki, maseremala hufagia maranda hadi barabarani, na ukienda soko la mitumba la Gikomba saa za jioni utakuta fulana zilizokosa mnunuzi zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Shida ya mji huu si malighafi.

Zulia la mlangoni lilitokana na fulana hizo. Ukikata fulana ya pamba vipande vyembamba vya upana wa sentimita mbili na kuvivuta, vinajikunja vyenyewe kama tambi na kingo zake hazifumuki. Nilichukua gunia la katani, nikakunja kingo zake na kuzishona, kisha nikawa napenyeza kila kipande kwenye tundu moja, nakitoa kwenye tundu la jirani na kukifunga fundo. Zulia la sentimita 40 kwa 60 lilikula fulana nne, mafundo zaidi ya mia sita na jioni tano za kusikiliza redio. Msijaribu kwa gunia la nailoni, kwani nyuzi zake huteleza na zulia zima hulegea baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Hata la katani lilikuwa na kasoro yake: kwenye sakafu ya vigae liliteleza kama sabuni, na mgeni mmoja nusura aanguke nalo. Nilishonea chini yake vipande vya tyubu ya baiskeli, ambavyo fundi wa baiskeli alinipa bure, na tangu siku hiyo halijasogea.

Kuna pia kile ambacho watu wa nyumbani mwangu hukiita nyoka. Nairobi ina baridi yake ya kuanzia Juni mpaka Agosti, baridi isiyo na upepo mkubwa lakini inayopenya chini ya mlango na kutambaa sakafuni, na wenye nyumba wetu hawana mazoea ya kuweka milango inayofika chini. Nilikata mguu wa suruali ya jinzi iliyopasuka magotini, nikaweka viraka, nikashona upande mmoja, nikajaza maranda yaliyochanganywa na mchanga mkavu na kushona upande wa pili. Maranda peke yake ni mepesi mno na mlango huyasukuma. Mchanga peke yake ni mzito na hupenya kwenye mishono. Nilichanganya mafungu matatu ya maranda kwa moja la mchanga. Nyoka huyo hulala mlangoni usiku kucha, na wakati wa mvua za Aprili huzuia maji ya roshani yasiingie sebuleni, ingawa baada ya hapo ni lazima aanikwe juani siku mbili ili asioze.

Mifuko ya sokoni naitaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu ana yake. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, mfuko wa kutoka nao nyumbani umekuwa kama ufunguo. Wangu ni gunia la sukari la kilo 50 lililokatwa katikati. Nusu ya chini tayari ina kitako, kwa hiyo kazi inayobaki ni kukunja mdomo na kushona mishipi, nami nilikata mishipi ya begi la shule lililochakaa, ambayo haikati mkono hata ukibeba viazi. Vipande vya mwisho vya sabuni ya kuogea, vile vyembamba visivyoshikika, huviingiza kwenye neti ya vitunguu na kuvifunga. Hutoa povu na kusugua kama dodoki.

Yapo yaliyonishinda, na moja ni la kuchekesha. Nilitengeneza masanduku ya kuwekea karatasi na nyuzi kwa maboksi ya madukani, nikayavika karatasi ya khaki kwa gundi ya unga wa ngano, ambayo ni kijiko kimoja cha unga kwa vijiko vitano vya maji, ikikorogwa motoni mpaka iwe kama uji mzito. Gundi hiyo inashika vizuri sana. Masanduku yalipendeza, nikayapanga kwenye kabati la jikoni, na baada ya wiki tatu nilikuta karatasi imetafunwa kwenye mistari ileile nilikopaka gundi, kwa ustadi, kana kwamba mtu alifuata rula. Mende walikuwa wameandaliwa karamu, na mwandaaji nilikuwa mimi. Gundi ya unga sasa naitumia kwa tiara za watoto tu, vitu ambavyo maisha yake ni mafupi kuliko njaa ya mende.

Na viatu vya akala nimeacha kabisa. Nilitaka kujitengenezea jozi moja kwa tairi kuukuu, nikavunja nyembe mbili na kujikata kidole kabla sijamaliza hata soli ya kwanza. Ndani ya tairi zile mna nyuzi ngumu, na nyingine zina waya wa chuma, na kisu cha jikoni hakina mazungumzo navyo. Mafundi wa soko la Kariokor wana visu vyao, wana mikono yao na wana bei nafuu, nami sioni sababu ya kushindana na mtu anayemaliza jozi nzima wakati mimi bado natafuta plasta.

Mama alipokuja mara ya mwisho, nilimpikia maharagwe ya nazi ya kapuni bila kumweleza yalivyoiva. Alikula, akaongeza, kisha akauliza ni mkaa wa wapi huo. Nilipomfunulia kapu alilizunguka, akaingiza mkono ndani kupima joto, akakagua mishono yangu na kusema kwamba pembe moja imeshonwa kwa haraka, jambo ambalo ni kweli. Alipoondoka kwa treni ya asubuhi, kapu liliondoka naye, likiwa limefungwa kwa leso.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu kumwuliza kama limemsaidia kupunguza mkaa. Akaniambia kule Likoni maharagwe yake hayajawahi kuwa na tatizo, na kapu analitumia kuwekea barafu: huinunua asubuhi, huizungushia mfuko, huifunika kwa ule mto mzito, na alasiri bado anapata ya kutia kwenye maji ya ukwaju. Sikuwa nimelifikiria hilo, ingawa ukuta unaozuia joto lisitoke hauna budi kulizuia lisiingie. Majirani wawili wamekwisha kumwagiza mengine, naye ameniahidi kwa niaba yangu. Gunia la sponji limerudi mezani, na fundi wa makochi bado ananidai lile gunia lake la kwanza.