Mfumo Unaokufa Kila Asubuhi: Nilivyomaliza Kosa la Miunganisho ya Hifadhidata

Mfumo wenyewe ni wa kupokea wageni katika nyumba moja ya Shela, Lamu: Java, Tomcat 9 (seva inayoendesha programu) na MySQL (hifadhidata). Mchana kutwa unakwenda vizuri. Asubuhi mpokeaji wageni akifungua ukurasa wa kwanza anakutana na Communications link failure, yaani mawasiliano na hifadhidata yamekatika. Mtu anawasha Tomcat upya, siku inaendelea, kesho yale yale.

Ushauri niliopewa ungejaza jahazi. "Bwana, iwashe upya kila alfajiri, iache ijiwashe yenyewe." Mwingine, na huu ndio unaopendwa zaidi: ongeza autoReconnect=true kwenye anwani ya JDBC, ile ambayo Java hutumia kufikia hifadhidata. Mgeni wa kwanza hapati nafuu yoyote, kwa sababu dereva (programu inayounganisha Java na MySQL) hutupa kosa kwanza, ndipo huunganisha upya kwa ombi linalofuata. Muamala ukikatika katikati, programu isiyoshika makosa vizuri inaendelea kama hakuna lililotokea. Waliotengeneza dereva wenyewe hawaipendekezi. Wa tatu akasema nipandishe wait_timeout, muda ambao MySQL huvumilia muunganisho uliokaa kimya, iwe siku nzima. Haya, na Mei mvua ikishika, Shela haina mgeni siku tatu?

Chanzo ni hesabu tu. MySQL hufunga muunganisho uliokaa kimya sekunde 28,800, yaani masaa 8. Kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi ni masaa 8 hayo hayo. Nayo akiba ya miunganisho ya Tomcat JDBC (miunganisho iliyofunguliwa tayari, programu huazima na kurudisha), usipoipa maagizo, hubaki na miunganisho 10 hata pasipo kazi, na haikagui muunganisho kabla ya kuutoa.

Sasa ujanja ninaojivunia. Kungoja masaa 8 kwa kila jaribio ni wazimu, kwa hiyo nikaufupisha usiku wenyewe. Ndani ya MySQL: SET GLOBAL wait_timeout = 60; kisha washa Tomcat upya, maana thamani hiyo hushika miunganisho mipya tu. Fungua ukurasa, kaa dakika mbili bila kugusa kitu, fungua tena. Kosa la alfajiri hilo, adhuhuri. Ukitaka kuhakiki thamani, andika SHOW GLOBAL VARIABLES LIKE 'wait_timeout'. Ukiacha GLOBAL utaona thamani ya kipindi chako mwenyewe, ambayo hutoka kwenye interactive_timeout (muda wa anayeandika amri kwa mkono), na utaapa kwamba amri imegoma. SHOW PROCESSLIST ni tamu zaidi: unaona miunganisho iliyo Sleep, sekunde zinapanda hadi 60, halafu inapotea yote na Tomcat haina habari.

Dawa ni ndani ya Resource, kipengele kinachoeleza akiba hiyo, kwenye faili la mipangilio context.xml:

factory="org.apache.tomcat.jdbc.pool.DataSourceFactory"
testOnBorrow="true" validationQuery="SELECT 1"
maxAge="1800000"
initialSize="2" minIdle="2" maxActive="10"

testOnBorrow hukagua muunganisho kwa SELECT 1 kabla ya kuutoa. maxAge ni umri wa muunganisho kwa milisekunde, yaani nusu saa. maxActive, idadi ya juu ya miunganisho, usiiache: kawaida yake ni 100, na MySQL kwa kawaida hupokea miunganisho 151. Programu mbili kwenye seva moja zikichangamka, zitagombana.

Rudia jaribio la sekunde 60. Ukurasa ukifunguka, rudisha 28800. Ni kweli SET GLOBAL hufutika MySQL ikiwashwa upya, lakini usingoje umeme wa Lamu ukatike ukufanyie kazi hiyo.

Faili la jar la dereva liende kwenye lib ya Tomcat, si WEB-INF/lib ya programu yako, maana anayeunganisha hapa ni Tomcat. Alama ya & ndani ya XML huandikwa &. Na dereva za mwanzo za toleo la 8 zikilalamika hazitambui EAT (saa za Afrika Mashariki), weka serverTimezone=Africa/Nairobi. Gharama ya yote haya? Bando la siku na kahawa.

Miunganisho ikiisha mchana, wageni wamejaa, huo ni ugonjwa mwingine: kuna msimbo unaochukua muunganisho bila kuurudisha. Washa removeAbandoned na logAbandoned, logi itakuonyesha ulipochukuliwa. Kisha msimbo huo uandike kwa try inayofunga muunganisho yenyewe. Ila removeAbandonedTimeout, muda wa kungoja kabla ya kunyang'anya muunganisho, kwa kawaida ni sekunde 60. Ripoti ya mwisho wa mwezi inayochukua dakika tatu itakatwa katikati, na mhasibu atakupigia wewe.