Wimbi la uso kwenye tabaka zinazojirudia: wiki tatu niliongeza tabaka, kumbe jozi moja inatosha

Naandika hii nikiwa na furaha kweli maana hii kitu imeninyima usingizi. Nasoma masters, kazi yangu ni mawimbi nyumbufu ya uso (mitikisiko ndani ya kitu kigumu), yale yanayotambaa juu juu ya kitu na kufifia kadiri unavyoshuka ndani. Rayleigh aliyaeleza tangu 1885. Mimi natafuta lile ambalo chembe zinacheza kushoto kulia sambamba na uso, ambalo kwenye kitu cha aina moja tupu halikai juu kabisa, ila kwenye tabaka zinazojirudia linaweza kukaa. Zangu ni akriliki (plastiki ngumu) milimita 1, alumini milimita 2.2, akriliki tena, alumini tena, hivyo hivyo mpaka chini.

Kaka mmoja aliyenitangulia akaniambia ongeza tabaka tu mdogo wangu, ukifika jozi 40 za akriliki na alumini litajitokeza lenyewe. Nikaongeza. Njia ni ile ya Thomson na Haskell, unazidisha matriksi (jedwali la namba) ya tabaka moja baada ya nyingine. Jozi 10 grafu safi, jozi 20 imeanza kutetemeka, jozi 40 takataka tupu, nikahisi ni laptop, nikaazima ya jirani, nikachoma bando la kama elfu kumi na tano hivi nikishusha programu nyingine, takataka ileile. Kumbe kila jozi ina sehemu inayokuzwa karibu mara 5 na nyingine inayopungua mara 5, rudia mara 40 ile kubwa inakuwa namba ya tarakimu 28 wakati kompyuta inashika kama 16 tu, na hiyo ndogo inayomezwa ndo wimbi lenyewe! Yaani ule ushauri ulikuwa unafuta kile ninachokitafuta. Jamani msimwambie mtu aongeze tabaka kama hamjajaribu wenyewe.

Usiku mmoja nikachukua penseli na risiti ya LUKU, nyuma yake ndo nikaimaliza. Tabaka zinajirudia, kwa hiyo jozi moja inasema yote. Uso uko huru, mkazo (nguvu ambayo tabaka zinavutana) ni sifuri, basi anza na mkazo sifuri na msogeo (chembe imesogea kiasi gani) 1, pita akriliki, pita alumini, uangalie chini umetoka na nini. Kwenye kilohezi 350 hivi unene wa kila tabaka ni robo ya urefu wa wimbi, hesabu inakuwa nyepesi: mkazo umerudi sifuri, msogeo umegeuka alama na kubaki moja ya tano, maana impidansi (msongamano mara kasi ya wimbi) ya akriliki ni kama 1.67 milioni na ya alumini 8.4 milioni. Jozi nne tu chini msogeo umeshapungua zaidi ya mara 600. Nilisimama kwenye kiti.

Sasa angalieni hapa, hapa pamenila siku mbili. Ukiweka alumini juu mkazo nao unarudi sifuri vilevile, programu inakupa jibu, unashangilia, nami nilishamtumia msimamizi grafu. Lakini msogeo umekuwa 5, unakua kwenda chini, hilo sio wimbi la uso. Kwa hiyo mkazo sifuri peke yake usiuamini, angalia na msogeo uwe chini ya 1. Laini (akriliki) juu, lipo. Gumu (alumini) juu, halipo, na tabaka ni zilezile.

Jana nimeanzia kwenye jibu hilo la akriliki juu, nikawa naongeza namba ya wimbi ya kwenda pembeni (mawimbi mangapi yanaenea kwenye urefu fulani wa uso) kidogo kidogo, na wimbi limenifuata ndani ya pengo (masafa ambayo mawimbi hayapenyi kwenda chini kwenye tabaka), mstari mmoja laini kama uzi.