Shangazi na msaidizi pepe

Shangazi yangu, mama mboga wa Kawangware, Nairobi, anamtafutia mjukuu cheti cha kuzaliwa. Jana nilimfungulia kwenye simu msaidizi pepe (programu inayojibu maswali ya watu) wa ofisi moja ya umma, naye shangazi akauliza kwa Kiswahili chake cha kila siku: “Mtoto ana miaka 2 na hajaandikishwa, nifanyeje?” Jibu lilikuja papo hapo: miezi 6 ikishapita, huo ni usajili wa kuchelewa. Shangazi akaniambia niandike yote kwenye karatasi.

Miaka yote maarifa haya yamekaa kichwani mwa karani mmoja mzoefu. Akienda likizo, foleni nzima inaumia. Na Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali!

Lakini alipouliza afanyeje kama baba wa mtoto hajulikani aliko, likarudi jibu lile lile. Hapo ndipo paliponiuma. Swali la aina hiyo lipelekwe kwa binadamu, pamoja na yote aliyokwisha kueleza, asianze upya. Wakuu wa ofisi, wakutanisheni makarani wenu na wanaounda programu hizi kabla makarani hao hawajastaafu.