Nilivyochagua paneli ya seva yangu ya kwanza

Mama yangu mdogo ana shamba la kahawa Materuni, juu ya Moshi, na hupokea wageni wanaokuja kuona maporomoko. Msimu wa Julai tovuti yake ilikuwa inafunguka kwa kusuasua mpaka mgeni anaghairi. Akaniambia, "Mwanangu, si wewe ndiye wa kompyuta? Nisaidie." Nilijua WordPress ya kutengenezea tovuti tu; Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, sikuwahi kuigusa. Nikakodi VPS, yaani kipande cha seva ya mbali unachokitumia kama kompyuta yako mwenyewe, yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 2.

Nikahitaji paneli, yaani programu ya kusimamia seva kwa kubofya kwenye kivinjari badala ya kuandika amri. Nilianza kuulizia cPanel kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Leseni yake hulipwa kila mwezi kwa dola, na tangu 2019 bei inategemea idadi ya akaunti. Kwa tovuti moja ya shamba ingezidi kodi ya seva yenyewe. Webmin ni ya bure na ipo tangu 1997, lakini inakufungulia mashine nzima hadi utumbo. Mtu mgeni hajui pa kushika. CyberPanel ina kasi, ila Oktoba 2024 seva nyingi zenye paneli hiyo zilivamiwa kupitia tundu la usalama, mafaili yakafungwa na wenyewe wakadaiwa pesa. Nikaogopa. Nikachukua HestiaCP: ya bure, nyepesi, na tovuti, databesi na nakala rudufu zote unaziona mahali pamoja. Inataka seva yenye Debian au Ubuntu (aina za Linux) iliyosakinishwa upya, isiyo na kitu kingine.

Jioni ya kwanza, usakinishaji ukiwa katikati, umeme ukakatika mtaa mzima. Ruta ikazima, SSH (njia salama ya kuiandikia seva amri ukiwa mbali) ikakatika, kazi ikafia njiani. Ndipo nikajifunza amri ya screen: ukiianzisha kwanza, kazi inaendelea kule kwenye seva hata huku kwako kukiwa giza. Nikafuta kila kitu nikaanza upya, laptopu ikitumia bando la simu.

Siku ya tatu tovuti ikaandika kwamba databesi haipatikani. Nikaandika free -m, amri ya kuona RAM iliyobaki: zimebaki megabaiti 40 hivi. Nikafungua top, orodha ya programu zinazofanya kazi, na pale juu kabisa kuna clamd, imekalia zaidi ya gigabaiti moja peke yake. Ni kikagua virusi cha barua pepe, ambacho nilikikubali bila kusoma. RAM ilipoisha, Linux ikaizima MariaDB, programu inayoendesha databesi, ili ipumue. Na mama mdogo hata barua pepe haipitishi kwenye seva hii, anatumia Gmail! Nikasakinisha tena nikiongeza --clamav no ili kikagua kile kisiwekwe, nikaweka na swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ya gigabaiti 2. Zaidi ya nusu ya RAM ikabaki wazi. Kwa hiyo mwenzangu unayeanza, kabla ya kuangalia sura ya paneli, angalia itawasha nini kwenye RAM uliyolipia.

Mlango wa paneli ni porti 8083. Kuuruhusu kwa IP (anwani ya kifaa kwenye intaneti) moja tu kwetu ni shida, maana intaneti ya simu hubadilisha IP mara kwa mara. Nimeifunga porti kwa watu wote, naingia kwa handaki la SSH, yaani paneli naifikia ikipita ndani ya muunganisho wa SSH, na uthibitisho wa hatua mbili nimeuwasha. Cheti cha bure cha Let's Encrypt, kinachoipa tovuti https, paneli inakihuisha yenyewe. Nakala rudufu siziachi humo humo. Kila Jumapili nazishusha kwenye diski yangu.

Juzi mama mdogo amepiga simu, anataka kuweka mwenyewe picha za wageni wakitwanga kahawa. Nimemfungulia akaunti yake ya WordPress, na Jumamosi napanda Materuni kumwelekeza.