Shimo la pulaka

Funafuti, mji mkuu wa Tuvalu, nchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, niliingia mwezi wa Februari, siku mbili kabla ya bamvua. Mimi ni Mpemba, nimekulia pwani, ila sikuwahi kuona nchi nyembamba namna ile. Pale Fongafale, kisiwa chake kikuu, pana mahali ukisimama barabarani unasikia bahari kuu ikivunja mkono mmoja, na mkono wa pili unaona maji ya ndani ya mwamba yametulia tuli.

Bibi aliyenipokea nilimkuta anakuna nazi, amekalia kigoda chenye ulimi wa chuma mbele. Mbuzi! Nikamwomba anipishe, nikakuna mbili. Akacheka, akamwambia mjukuu wake neno. "Anasema umelelewa," kijana akanitafsiria.

Mwezi ulipopevuka akatupeleka kwenye shimo lake la pulaka. Pulaka ni ndugu wa jimbi, lakini jani lake humpita mtu kimo. Kisiwa ni mchanga na matumbawe tu, basi wazee wao walichimba hadi kwenye maji baridi yanayoelea juu ya yale ya chumvi, wakapanda humo humo, wakawa wanalisha kila mche kwa majani makavu. Kazi ya vizazi.

Tulikuta maji yanabubujika. Bahari haikuvuka ufuko. Ilipandia chini kwa chini, kwenye matundu ya matumbawe, na hiyo huizuii kwa ukuta. Majani yalishaanza kugeuka manjano. Bibi akachovya kidole, akaonja, akanionyesha nami nionje. Chumvi.

Nikakumbuka bonde letu la mpunga, mwaka ule maji ya bahari yalipolivamia. Mama alirudi na jembe begani, asiseme neno mpaka Isha. Nikamsimulia bibi, kijana akitafsiri polepole. Akaniuliza, "Sasa mnapanda nini?"

"Hatupandi, bibi. Tunanunua mchele wa gunia."

"Na sisi vilevile," akasema. Kisha akashuka shimoni, akang'oa pulaka moja kabla haijaoza.

Usiku ule nyumba haikukalika kwa joto. Tukabeba mikeka ya mkadi hadi uwanja wa ndege, ambao Wamarekani waliujenga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ndege ni chache kwa wiki, na ikikaribia hulia king'ora watu waondoke. Saa nyingine zote uwanja ni wao. Jioni vijana walicheza mpira wa wavu, na giza lilipoingia familia zikatandika palepale penye upepo.

Bibi akafunua sufuria. Pulaka ilipikwa kwa tui, nzito, ya kushibisha. Sehemu zilizoguswa na chumvi zilikuwa zimefanya weusi. Akazikata moja moja, akaziweka upande wake akazila, na nyama nyeupe ya katikati akanisogezea mimi.