Siku niliyomtupia mwenzangu jiwe

Muhula uliopita mwenzangu wa darasa alitimiza miaka 40. Ni mtu wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwalimu kama mimi. Haoni tangu utotoni, surua ilipita na macho yake kabla hajaanza shule. Nikasema safari hii namwandikia kadi ambayo hatamwomba mtu amsomee.

Wakati huo nilikuwa na wiki tatu tu za kujifunza nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Nikakaa chini ya mti na kile kibao cha chuma chenye vijidirisha, kisindano mkononi, nikachoma neno moja. Nilitaka kuandika "heri ya siku ya kuzaliwa", lakini baada ya "heri" kidole kiliwaka moto na karatasi ilishatoboka mahali pawili, nikaiacha hivyo.

Akapitisha kidole. Akarudia. Akaegemea ukuta, akacheka mpaka watu wakageuka.

"Mwalimu, siku yangu ya kuzaliwa, wewe unanipa jiwe?"

Nilidhani ananitania. Nikaichukua kadi, nikaisoma kwa macho (sisi tunaoona tunaibia hivyo, vidole vyetu bado vizito), na kweli, pale paliandikwa "jiwe".

Ngoja nieleze, maana nilikaa siku mbili nikiufikiria mchezo huo. Herufi ya nukta nundu hutoshea kwenye kijumba cha nukta sita, tatu kushoto na tatu kulia. Za kushoto ni 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini, za kulia ni 4, 5, 6. Ukitumia kibao na kisindano, unachoma nyuma ya karatasi, na msomaji ataigeuza ndipo aguse vinundu. Kwa hiyo unaanzia kulia unakwenda kushoto, na kila herufi unaichoma kinyume. Mimi nilikumbuka kuanzia kulia. Kugeuza herufi zenyewe nikasahau. Sasa H ni nukta 1, 2 na 5. Ukiipindua, kushoto kuwa kulia, inakuwa J. E ikipinduliwa ni I. R inakuwa W. I inarudi kuwa E. Heri, jiwe. Jaribu mwenyewe kwenye karatasi.

Mashine ya Perkins haina usumbufu huo: ina vibonye sita, unabonyeza vya herufi nzima kwa pamoja na vinundu vinatokea juu, mbele yako. Ila mashine ni ghali na tuko wengi kuliko mashine, kwa hiyo kibao lazima ukijue.

Nasomea elimu ya mahitaji maalumu Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, pale juu ya kilima. Kozi yetu ni ya walimu walio kazini, kwa hiyo shule zikifunga, wenzangu wanakwenda kijijini kulima, mimi napanda teksi Jinja, napita msitu wa Mabira, nakula gonja, ndizi ya kuchoma, Namawojjolo, nashukia Banda na kupanda kilima kwa miguu. Watu wengi wanaijua Kyambogo kama chuo cha walimu na mafundi. Ilipoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ilikuwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu, ile wakubwa wetu bado wanaiita UNISE. Kitivo chetu kimetoka huko.

Shangazi yangu aliposikia ninachosomea alinyamaza kwanza. Kisha: "Mwanangu, kozi zote hizo, umekosa nyingine? Na wewe bado unazaa." Maana yake unaijua: aliogopa nisije nikazaa mtoto mwenye ulemavu. Sikumjibu, maana shangazi hajibiwi, lakini nilimpelekea picha ya kadi ya jiwe naye akacheka.

Nimezaliwa kambini Jinja, baba askari. Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, ingawa wengi hapa Uganda bado wanakisikia kama lugha ya mtu mwenye bunduki. Mwaka 1997, serikali ilipoanza kuwalipia karo ya msingi watoto wanne kwa kila familia, agizo lilikuwa kwamba mwenye ulemavu awe wa kwanza katika hao wanne. Ndivyo alivyoletwa darasani kwetu mvulana mmoja mkubwa, labda wa miaka 12, hajawahi kuona shule. Hasikii. Akaketishwa nyuma. Alikuwa anachora malori kwa chaki sakafuni, malori mazuri, yenye mpaka nati za magurudumu. Walimu na sisi sote tulimwita Kasiru, kwa Kiganda ni kama kusema bubu. Muhula wa tatu hakurudi. Katiba ya 1995 ilikuwa imeshaitaja lugha ya alama ya viziwi, kwamba dola iikuze. Darasani kwetu hakuna aliyekuwa na alama hata moja ya kumpa yule mvulana. Mpaka leo jina lake silijui, na hilo linaniuma kuliko mengine.

Habari ya majina hayo tulibishana sana mimi na mtu wa Arua, jioni, tukisubiri rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, kwa kijana wa chapati. Nilikuwa nimeona jambo: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kichaa. Wote wametiwa kwenye ki-, pamoja na kiti na kikombe. Hata Kiganda kina kiggala, yaani kiziwi, na kasiru yenyewe ina ka- ya kudogosha. Nikasema Kiswahili kinawafanya watu vitu. Akaniuliza, "Na kiongozi je? Na kijana?" Kisha akasema, "Tena unasema kipofu kimeanguka au kipofu ameanguka?" Ameanguka, bila shaka. Sarufi inampa utu wake papo hapo, kwenye kitenzi. Viziwi wa Tanzania chama chao wamekiita Chama cha Viziwi, hawakukwepa neno. Yeye mwenyewe anataka "asiyeona" kwenye barua na "kipofu" kwa marafiki. Kinachomuudhi ni "maskini", ile inayotamkwa kwa sauti ya chini akipita na fimbo yake. Mimi bado sijashawishika kabisa, na ofisini nitaendelea kuandika mtu mwenye ulemavu, lakini tangu siku hiyo nasikiliza vitenzi.

Katika somo la usikivu walitufanyisha zoezi. Unaziba masikio kwa pamba, mwenzako anakaa mbali anasoma maneno, unaandika. Mtu wa Arua akanisomea ya Kiswahili: pata, paka, pasa, papa, kata, kaka. Mimi nikaandika "papa" mara nne. Irabu zilinifikia zote. Konsonanti ndizo zilizopotea, hasa s na t na k, ambazo hata kwa sikio zima ni hafifu. Unasikia kwamba mtu anasema. Anachosema hukisikii. Na baada ya robo saa nilikuwa nimechoka, nimeacha kujaribu, nachezea kalamu.

Hapo nikamwona mtoto wa P.3 wangu, darasa la tatu ninalofundisha.

Nina watoto 82 darasani. Huyu alikaa safu ya nne karibu na mlango, na miaka miwili tulikuwa tunasema, mimi na waliomfundisha kabla yangu, "anasikia akitaka." Jumatatu anajibu vizuri, Alhamisi unamwita mara tatu anachezea kalamu. Nilimwita mkaidi. Nilimsimamisha nje juani zaidi ya mara moja. Mama yake naye alisema hivyohivyo, "anasikia akitaka," kwa hiyo tulikubaliana vizuri sana sisi watu wazima. Na masikio yake yalikuwa yanatoa usaha, jambo ambalo sote tuliliona, tukampa kitambaa. Kumbe sikio la kati likijaa maji au usaha, usikivu unapanda na kushuka: mafua yakija anasikia nusu, yakiondoka anasikia. Siku zake za kutaka zilikuwa siku zisizo na mafua.

Nilimweleza mama yake, naye akampeleka kituo cha afya. Dawa zimesaidia, hazijamaliza. Kwangu nilibadilisha mambo madogo tu. Nikamleta mbele upande wa kushoto, maana sikio la kulia ndilo zima zaidi nalo likaelekea kwangu. Nikaacha kuongea nimeugeukia ubao, tabia ambayo sikujua kama ninayo mpaka nilipoanza kujizuia. Bado inanishinda kila nikishika chaki.

Wiki mbili zilizopita ilinyesha saa nne asubuhi. Mvua ya Jinja juu ya mabati unaijua, hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Kawaida mwalimu anakaa anasubiri. Mimi nilikuwa katikati ya hesabu, nikaendelea tu, nikisema kwa midomo na vidole: toa nane kwenye kumi na tano. Watoto 81 wakanitazama kama nimerukwa na akili.

Yule wa mbele kushoto aliinua vidole saba.