Siku Moja Maishani Mwangu: Oda ya Kwanza Katika Duka Jipya

Saa 1:30 asubuhi huwa nimeshaketi mbele ya kompyuta, na kazi yangu ya kwanza ni kukagua, kujenga kutafuata baadaye. Ninatunza maduka kadhaa ya mtandaoni yaliyojengwa kwa programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kutumia na kubadilisha msimbo wake, na kila asubuhi nafungua orodha ya oda za usiku nione kama zipo zilizokwama zikisubiri malipo. Oda moja ya namna hiyo yaweza kuwa ya mteja aliyeghairi. Oda tano mfululizo ni dalili kwamba mawasiliano kati ya duka na lango la malipo, yaani huduma inayopokea pesa za wateja kwa niaba ya duka, yamekatika, na kwamba wapo watu waliokwisha kulipa ambao duka halina habari nao. Kisha nahakikisha kwamba nakala rudufu ya usiku imekamilika, ya mafaili na ya hifadhidata pia, maana moja bila ya nyingine hairudishi duka lililoharibika. Leo hakuna kilichokwama.

Saa 2:00 anafika mwanafunzi wangu. Anaijua lugha ya programu ya PHP kiasi cha kusoma msimbo ulioandikwa na mtu mwingine, lakini hajawahi kujenga duka hata moja. Swali lake ni lile ambalo kila anayeanza huliuliza: "Mwalimu, nianze na programu ipi?" Kabla ya kumjibu namweleza ukoo wa programu hizi. osCommerce ilianza Ujerumani mwaka 2000, na mwaka 2003 baadhi ya waliokuwa wakiitumia walichukua msimbo wake wakajitenga na kuanzisha Zen Cart. PrestaShop ilizaliwa Ufaransa mwaka 2007, Magento ikatolewa rasmi mwaka 2008, na WooCommerce, iliyotoka mwaka 2011 ikiwa kiendelezi (programu ya nyongeza) cha WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), ilijengwa juu ya msimbo wa programu iliyoitangulia iliyoitwa Jigoshop. Kujitenga kwa namna hii hakuhesabiwi kuwa wizi, kwa sababu ni haki iliyomo katika leseni yenyewe, mradi anayeigawa tena programu hiyo afuate masharti ya leseni aliyoipokea nayo. Namsisitizia pia kwamba programu yenyewe hailipiwi, lakini seva, jina la kikoa, baadhi ya viendelezi na saa za fundi vyote vina gharama, na si haki kumwahidi muuzaji duka la bure.

Jibu langu kwa swali lake linategemea muuzaji. Aliye na tovuti ya WordPress yenye makala na wasomaji aongeze WooCommerce papo hapo. Magento ina uwezo mkubwa, lakini inadai seva yenye nguvu na injini ya utafutaji inayosakinishwa kando yake, mzigo ambao duka lenye bidhaa 40 halina sababu ya kuubeba. Kwa anayejifunza nachagua OpenCart, kwa sababu ni nyepesi, na majedwali yake katika hifadhidata yana majina yanayosomeka, kwa hiyo mtu anaweza kuona kwa macho yake kila kitu kinachotokea duka linapofanya kazi.

Kufikia saa 3:00 tumeanza kusakinisha. Tunatumia seva ya majaribio iliyopo kwenye intaneti badala ya kompyuta ya mezani, na sababu yake itaonekana mchana. Tunatengeneza hifadhidata mpya na mtumiaji wake mwenye nywila yake, asiye na ruhusa ya kugusa hifadhidata nyingine yoyote, tunapata cheti cha usalama kutoka Let's Encrypt ili anwani ianze kwa HTTPS na mawasiliano yake yasisomeke njiani, kisha tunapakia mafaili na kufuata hatua za kisakinishi. Hapo wengi husimama wakidhani kazi imekwisha, ilhali zimebaki hatua tatu ambazo mimi siziruki: kufuta folda ya kusakinishia, kuhamisha folda ya hifadhi nje ya eneo linalofikiwa na vivinjari, na kubadilisha jina la folda ya msimamizi, ambalo kila mshambuliaji analijua kwa moyo. Kwa kuwa duka bado ni la majaribio, naweka nywila kwenye tovuti nzima ili injini za utafutaji zisilisajili. Nywila hiyo itatusumbua baadaye.

Saa 4:30 tunafika kwenye kikapu. Namwomba mwanafunzi aweke fulana moja kikapuni bila kujisajili, kisha nafungua jedwali la hifadhidata liitwalo oc_cart. Mstari mmoja umeongezeka: namba ya bidhaa, idadi, na kamba ndefu ya herufi na tarakimu. Namwonyesha kwamba kamba ileile imehifadhiwa katika kivinjari chake, ndani ya kuki (kumbukumbu ndogo ambayo tovuti huiacha katika kivinjari) iitwayo OCSESSID. Namwambia aifute kuki hiyo kisha aufungue ukurasa upya. Kikapu ni kitupu. Mstari katika jedwali bado upo, fulana yake bado imeandikwa, lakini duka halina tena njia ya kujua kwamba mstari ule ni wa mtu huyu. Itifaki ya HTTP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, haikumbuki chochote kati ya ombi moja na lingine, na ni kwa sababu ya vikapu vya ununuzi hasa kwamba Lou Montulli, alipokuwa akifanya kazi Netscape mwaka 1994, alibuni kuki. Mwanafunzi anarudia jaribio hilo mara tatu, akiweka na kufuta, na mimi namwacha, kwa kuwa atakayeuelewa mstari huu mmoja hatababaika siku mteja atakapolalamika kwamba kikapu chake kimepotea.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali hilo linalifundisha vizuri kuliko maelezo yangu. Bidhaa iliyomo kikapuni haijatolewa katika akiba. Wanunuzi wawili wanaweza kuwa na fulana ileile ya mwisho vikapuni mwao kwa wakati mmoja, na hesabu ya akiba hupungua tu pale oda inapofikia hali ya kushughulikiwa. Vilevile, oda inapowekwa, jina na bei ya bidhaa hunakiliwa katika jedwali la oda, ili bei ikipanda kesho, ankara ya leo isibadilike.

Saa 6:00 mchana anapiga simu muuzaji mmoja ninayemtunzia duka. "Fundi, nataka ukurasa wa mwanzo uwe na picha zinazotembea," ananiambia, na tunazungumza kwa heshima kwa dakika 20 kabla hajakubali kwamba tuanze na picha za bidhaa, ambazo zimepakiwa zikiwa kubwa mno kiasi kwamba mwenye simu anasubiri muda mrefu kabla ya kuziona. Ukurasa wa mwanzo huwala muda wanaoanza kuliko sehemu nyingine yoyote, na sioni kwamba unastahili. Wanunuzi wengi huingia moja kwa moja kwenye ukurasa wa bidhaa waliyoitafuta.

Tukiwa bado tunakula, mwanafunzi ananiuliza kama anaweza kuhariri faili la msingi la OpenCart ili kuongeza sehemu ndogo kwenye ukurasa wa malipo. Namkataza. Katika mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo kwa ajili ya muuzaji aliyehitaji hesabu maalumu ya gharama za usafirishaji. Sasisho la usalama lilipokuja lilifuta kazi yangu yote, na oda za siku nzima zikapita bila gharama hizo kuhesabiwa. Mabadiliko huandikwa katika kiendelezi au katika faili la OCMOD, ambalo huyaongeza bila kugusa mafaili ya asili.

Saa 8:00 ndiyo saa niliyokuwa nikiisubiri, saa ya malipo. Tunaunganisha lango la malipo likiwa katika hali ya majaribio, kwa namna ambayo mteja huandika namba ya kadi katika ukurasa wa lango lenyewe, na namba hiyo haipiti kamwe kwenye seva yetu. Kiwango cha usalama cha kadi kiitwacho PCI DSS, kilichopo tangu mwaka 2004, kinambana kila anayegusa namba za kadi, na duka dogo hupunguza sana mzigo wake kwa kutozigusa. Mwanafunzi analipa kwa kadi ya majaribio. Lango linathibitisha. Anakwenda kwenye orodha ya oda, anatazama, anafungua upya, anatazama tena.

"Mwalimu, pesa imepita lakini oda haipo."

Ipo, lakini imefichwa. OpenCart huihifadhi oda kabla ya malipo ikiwa na hali namba 0, na haiionyeshi katika orodha ya kawaida mpaka hali hiyo ibadilike. Huioni mpaka uchague kuonyeshwa oda zilizokosekana. Tunafungua kumbukumbu za seva. Upo mstari wa ombi kutoka kwa lango la malipo, umefika sekunde chache baada ya kadi kukubaliwa, na mwisho wake una namba 401, yaani ombi limekataliwa kwa kukosa idhini. Seva yetu ililidai lango nywila ile niliyoiweka asubuhi, na lango, ambalo halina nywila, likageuka likaondoka. Tunasoma maelezo ya lango, tunachukua anwani za IP (namba zinazotambulisha seva) ambazo hutumia kupeleka taarifa, tunaziruhusu zipite bila kuulizwa, na tunaomba taarifa ile ipelekwe tena. Safari hii jibu ni 200, yaani ombi limepokewa, na oda inajitokeza.

Nakaa na jambo hili hadi karibu saa 10:00, kwa sababu hapa ndipo duka linapokuwa duka. Mteja anaweza kulipa kisha akafunga simu kabla ya kurudishwa kwenye tovuti, kwa hiyo kurudi kwake hakuwezi kuwa ushahidi wa malipo. Ushahidi ni taarifa inayotoka seva kwa seva, na ndiyo maana kompyuta ya mezani isiyofikika kutoka nje isingetufaa. Taarifa hiyo nayo lazima ihakikiwe: saini yake iwe sahihi, kiasi na sarafu vilingane na vilivyoandikwa katika oda, na ikija mara mbili, kama inavyotokea mtandao ukiyumba, isiishughulikie oda mara mbili. Tunaituma mara mbili makusudi. Tunaituma tena ikiwa na kiasi pungufu. Kiendelezi kinaikataa ya pili na ya tatu, na ndipo ninapokiamini.

Saa 10:30 alasiri tunashughulikia baruapepe za uthibitisho, ambazo zilikuwa zikiangukia kwenye barua taka. Tunazituma kupitia seva halisi ya SMTP, yaani ya kutuma barua, na kuongeza kwenye kikoa rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwetu kweli, na jaribio linalofuata linaingia panapotakiwa.

Saa 11:15 jioni namwambia mwanafunzi aweke oda moja tangu mwanzo hadi mwisho kwa simu yake, akiwa mgeni ambaye hajajisajili, na safari hii afunge kivinjari mara tu kadi inapokubaliwa, asisubiri kurudishwa dukani. Anafanya hivyo na kuilaza simu mezani kifudifudi. Katika skrini ya msimamizi hakuna kitu kwa muda mfupi. Kisha oda namba 9 inatokea ikiwa inashughulikiwa, akiba ya fulana inashuka kutoka 12 hadi 11, na simu iliyolala mezani inatetemeka kwa baruapepe ya uthibitisho.